Jaribio Lisilofanyika: Kufaragua Pale Zana ya Kufomati Inapokosa Chaguo

Kufaragua ni neno ambalo kila aliyepita chuo cha ualimu analijua. Mwalimu asiye na mizani huning'iniza vifuniko viwili vya makopo kwenye ncha za ufito na kupima; asiye na ramani huichora juu ya gunia la unga; asiye na vihesabio hutumia vizibo vya soda. Sifa za ufaraguzi zimekwisha kuandikwa mara nyingi, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Tunalotaka kulijadili hapa ni mpaka wake, yaani ni wapi ufaraguzi wa zana unapogeuka kuwa ufaraguzi wa majibu. Jambo hili tumelifikiri kwa muda mrefu kutokana na zoezi moja la somo la kompyuta. Wanachuo walitakiwa kuijaribu mifumo ya mafaili, na katika baadhi ya mashine zana ya kufomati haikuwa na chaguo lililotajwa katika karatasi ya zoezi.

Kwa walimu wenzetu wanaofundisha masomo mengine, maelezo machache yatafaa. Diski mpya ni kama daftari kubwa lisilopigwa mistari. Kufomati ni kulipiga mistari hiyo: ukurasa upi utakuwa wa fahirisi, majina yataandikwa wapi, kila safu itakuwa na upana gani. Utaratibu mzima wa mistari na kanuni za kuandika ndani yake ndio uitwao mfumo wa mafaili. Daftari likisha kujaa, kuipanua safu huwa kazi ngumu, na pengine haiwezekani kabisa. Kwa sababu hiyo zana ya kufomati huja na machaguo mengi, na kila chaguo ni agizo moja kuhusu mistari. Katika Linux, zana inayopiga mistari ya mfumo uitwao ext4 ni mke2fs, na ya mfumo uitwao XFS ni mkfs.xfs. Baada ya kufomati, diski hupachikwa, maana yake huunganishwa na mti wa mafaili ya kompyuta ili ipate kusomwa na kuandikwa.

Safu tuliyoichagua kwa zoezi letu ni safu ya tarehe. Mifumo iliyofuata desturi ya Unix huuhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Safu ya biti 32, ambayo hubeba namba za kujumlisha na za kutoa, hukomea sekunde ya 2,147,483,647. Sekunde hiyo itatimia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 9 na dakika 14 usiku kwa saa za Greenwich, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, wakati watoto wako njiani kwenda shule. Sekunde inayofuata haina mahali pa kuandikwa. Kerneli za zamani ziliiandika hata hivyo, na tarehe ikarudi nyuma: faili lililopewa tarehe ya mwanzo wa Januari 2040 lilisomeka kuwa la Novemba 1903. Tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019, kerneli ya Linux ina utaratibu wa kuibana tarehe ya namna hiyo kwenye mpaka, ili isomeke 19 Januari 2038 badala ya kuruka karne nzima. Wanachuo hawakuhitaji kushawishiwa kwamba jambo hili linawahusu. Anayehitimu leo akiwa na umri wa miaka 25 atakuwa hajafika nusu ya utumishi wake siku hiyo itakapofika.

Ext4 ilikwisha kuliona tatizo hili. Kila faili lina kadi yake, iitwayo inodi. Kadi ya baiti 128 ina tarehe za biti 32 tu, lakini kadi ya baiti 256 ina nafasi ya biti za nyongeza, nazo huifikisha tarehe hadi mwaka 2446. Upana wa kadi huamuliwa siku ya kufomati. Hapa pana jambo lililowashangaza wanachuo, na sisi tunaliona kuwa zuri sana kwa kufundishia: kabla ya toleo la 1.46.4 la mwaka 2021, mke2fs ilizipa diski ndogo, zisizofika megabaiti 512, kadi za baiti 128, na diski kubwa zaidi kadi za baiti 256. Kwa hiyo mwanachuo aliyetengeneza diski ya megabaiti 400 alipata kadi nyembamba, na jirani yake mwenye diski ya gigabaiti 1 akapata kadi pana, bila yeyote kati yao kuomba. Ukimya wa mwenye kufomati nao ni chaguo, kwa kuwa zana humchagulia.

XFS ilikwenda njia nyingine. Tarehe zake zilikuwa na biti 64 tangu mwanzo, nusu kwa sekunde na nusu kwa sehemu za sekunde, na hivyo nazo zilikomea 2038. Badala ya kuipanua safu, watengenezaji waliamua iandikwe kwa hesabu nyingine: biti zote 64 zihesabu sehemu za bilioni za sekunde kuanzia Desemba 1901. Upana ni uleule, bali mpaka umesogea hadi Julai 2486. Uwezo huo unaitwa bigtime. Uliingia katika kerneli toleo la 5.10, mwezi Desemba 2020, na mkfs.xfs ya wakati huohuo ikapata chaguo la kuuomba. Baadaye, tangu toleo la 5.15 la zana hizo, umekuwa ukitolewa bila kuombwa.

Sasa tulieleze zoezi. Chumba chetu kilikuwa na mashine kumi. Sita zilikuwa na Ubuntu 22.04 na nne zilikuwa na Ubuntu 20.04, kerneli zote zilikuwa za toleo la 5.15, ila katika zile nne kifurushi cha zana za XFS kilikuwa cha toleo la 5.3, ambacho hakikuwahi kusikia habari za bigtime. Kila kundi lilipewa faili la megabaiti 400 la kutumiwa kama diski. Sehemu ya kwanza ya zoezi ilihusu ext4, na kadi za baiti 256 ziliombwa waziwazi. Sehemu ya pili iliwataka waifomati diski ileile kwa XFS yenye bigtime, waipachike, waweke faili na kulipa tarehe ya 1 Januari 2040, waipachue, waipachike tena ili tarehe isomwe kutoka kwenye diski yenyewe na si kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha waandike tarehe waliyoiona. Hatua hizo zote waliziandika katika skripti moja, ili jaribio liweze kurudiwa na mtu mwingine.

Makundi sita yalimaliza salama, nasi hatutayazungumzia tena. Yenye kufundisha ni yale manne. Mashine zao zilikuwa sawa, tatizo lao lilikuwa moja, na kila kundi lilileta karatasi tofauti.

Kundi la kwanza liliona zana inakataa na kuandika: jaribio limeshindwa, XFS haiwezi kuhifadhi tarehe iliyopita 2038. Angalia jinsi sentensi hii ilivyoruka. Kilichokataa ni zana ya kufomati, na ilikataa kabla ya kugusa diski. Mfumo wa mafaili wenyewe haukuulizwa swali lolote. Ni sawa na mwanafunzi aliyekosa karatasi ya maswali mlangoni, kisha jina lake likabandikwa ubaoni miongoni mwa waliofeli hesabu.

Kundi la pili lilileta karatasi safi kuliko zote: jaribio limefaulu, tarehe ni 1 Januari 2040. Tuliwauliza walilipataje chaguo ambalo mashine yao haikuwa nalo. Kiongozi wa kundi, ambaye ni mwanachuo mwangalifu na hana tabia ya ujanja, akajibu, "Mwalimu, tarehe tumeiona kwa macho yetu. Tukiendesha tena, ni ileile." Tukaketi pamoja naye mbele ya mashine, tukaiendesha skripti hatua kwa hatua. Amri ya kufomati ilikataliwa, na maneno ya kukataa yakapita haraka juu ya kioo. Skripti haikuwa imeagizwa isimame amri inaposhindwa, kwa hiyo iliendelea na hatua iliyofuata, yaani kupachika. Na kitu cha kupachika kilikuwapo: ile ext4 ya sehemu ya kwanza, yenye kadi za baiti 256, ambayo hakuna aliyeifuta. Amri ya kupachika, kwa kuwa haikutajiwa aina ya mfumo, iliutambua yenyewe na kuupachika bila kinyongo. Ext4 ikahifadhi mwaka 2040 kama inavyopaswa. Jaribio lililoitwa jaribio la XFS lilikuwa limeipima ext4 na kuipa alama XFS.

Tungependa walimu wenzetu wakae na mfano huu kwa muda. Hapakuwa na udanganyifu, na kila hatua iliyoonekana ilikuwa ya kweli. Jibu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa jibu la swali jingine. Tena kurudia jaribio hakukusaidia kitu, maana kila marudio yalileta jibu lilelile. Tumezoea kuwaambia wanachuo kwamba jaribio linalorudiwa na kutoa matokeo yaleyale linaaminika. Yafaa tuongeze kwamba marudio huonyesha uthabiti tu. Hayasemi ni kitu gani kilichokuwa mezani.

Kundi la tatu lilifaragua. Liliona chaguo halipo, likaliondoa katika amri. Diski ikafomatiwa kwa XFS ya kawaida, na faili la 2040 likarudi na tarehe ya 19 Januari 2038. Basi wakabadili tarehe ya jaribio kutoka 2040 kuwa 2037, na jaribio likafaulu. Walilieleza hili kwa fahari na bila kuficha, kama mwalimu anavyoeleza jinsi alivyopata mizani ya makopo. Lakini mizani ya makopo hupima uzito, ilhali jaribio la 2037 halipimi chochote kinachohusu bigtime, kwa kuwa mwaka 2037 huhifadhiwa na mfumo wenye uwezo huo na usio nao. Jina la jaribio lilibaki palepale juu ya karatasi, na chini yake kilichokuwamo kimekwisha kuondolewa.

Kundi la nne liliacha nafasi ya matokeo wazi na kuandika pembeni kwa penseli: haikufanyika, zana ya kufomati haina chaguo la bigtime. Kisha, kwa kuwa muda ulikuwa bado upo, walijiuliza mashine yao inaweza kuwaambia nini. Wakafomati XFS ya kawaida, wakaweka tarehe ya 2040, na safari hii wakatabiri kabla ya kuangalia kwamba tarehe itabanwa kwenye 19 Januari 2038 na haitarudi 1903. Utabiri ukathibitika. Wakauandika kama jaribio jingine, kwa jina jingine.

Hapo ndipo ulipotokea mjadala miongoni mwetu wakufunzi. Fomu ya matokeo tuliyoirithi ina safu mbili tu, "imefaulu" na "imeshindwa", na alama hutolewa kwa kuhesabu safu ya kwanza. Kwa fomu hiyo kundi la pili na la tatu walikuwa na alama kamili, na kundi la nne sifuri. Mkufunzi mwenzetu mmoja, mtu wa miaka mingi kazini, alitetea jambo hilo kwa hoja isiyopaswa kudharauliwa. Alisema mwalimu anayepelekwa shule ya mbali hatakuta mashine mpya, na mkaguzi hatapokea karatasi iliyoandikwa "haikufanyika". Tunawafundisha watu kufanya kazi na kilichopo, alisema. Kundi la tatu limefanya kazi na kilichopo, na kundi la nne limeandika udhuru. Aliongeza kwamba ukimpa mwanafunzi ruhusa ya kuandika "haikufanyika", kesho utaletewa karatasi nzima ya "haikufanyika".

Hofu ya mwisho ni ya kweli, nasi hatukuipuuza. Dawa yake, kwa maoni yetu, ni kudai sababu inayoweza kuchunguzwa. "Zana haina chaguo la bigtime" ni sababu ambayo mtu mwingine anaweza kuihakikisha kwa amri moja. "Mashine ilisumbua" si sababu. Ama kuhusu hoja ya kufanya kazi na kilichopo, tulimjibu mwenzetu kwamba kundi la nne ndilo lililofanya hivyo kuliko wote, kwa kuwa liliitumia mashine yao kujibu swali ambalo mashine hiyo iliweza kulijibu. Tulibishana hadi jioni. Mwishowe kundi la nne lilipata alama za juu, la kwanza na la tatu zikapungua, na kundi la pili likapewa siku tatu kuiandika upya skripti yake. Mwenzetu alitia sahihi, lakini hadi leo anasema tulikuwa wakali mno kwa kundi la tatu.

Katika mabishano hayo tuliegemea desturi ya watu wanaoijaribu mifumo hii kwa kazi. Upo mkusanyiko mashuhuri wa majaribio uitwao xfstests, ulioanzishwa katika kampuni ya SGI kwa ajili ya XFS na ambao kwa miaka mingi sasa unatumiwa pia kuijaribu ext4, Btrfs na mifumo mingine. Kila jaribio ni skripti yenye namba, na kando yake lipo faili la matokeo yanayotarajiwa. Kilichotuvutia ni kwamba mkusanyiko huo hauna hukumu mbili bali tatu. Jaribio laweza kufaulu, laweza kushindwa, na laweza kutofanyika. Lisilofanyika hutajwa pamoja na sababu yake, na huhesabiwa peke yake mwishoni. Skripti huanza kwa kutangaza mahitaji: nahitaji diski ya kuchezea, nahitaji zana inayojua jambo fulani, nahitaji kerneli yenye uwezo fulani. Hitaji lisipopatikana, skripti husimama hapohapo kabla ya kugusa kitu. Skripti ya kundi la pili isingepita mlango huo.

Mkusanyiko huo umekuwa pia na utaratibu wa maafikiano. Mwenye kuendesha majaribio anaweza kutaja machaguo yake ya kufomati, na jaribio lenyewe likawa na machaguo yake, na mawili hayo yakagongana hata zana ikakataa. Hapo hujaribiwa tena kwa machaguo ya jaribio peke yake, na habari hiyo huandikwa katika kumbukumbu ya jaribio. Huu ni ufaraguzi tunaouafiki, kwa kuwa kinachoachwa ni kile ambacho jaribio halikukihitaji, tena kimeachwa kwa maandishi.

Kuna mfano mmoja ambao hatuna hakika nao sana kimaadili, na wanachuo huupenda kwa sababu hiyo. Mwaka 2022 watengenezaji wa XFS waliamua kwamba mkfs.xfs isikubali tena kutengeneza mfumo mdogo kuliko megabaiti 300, kwa kuwa mifumo midogo namna hiyo haikuwaletea watumiaji faida bali taabu. Lakini majaribio mengi ya zamani yalitegemea diski ndogo. Basi zana ikafundishwa kutambua alama tatu za mazingira ambazo mkusanyiko wa majaribio huziweka, na zikiwapo zote tatu huruhusu udogo ambao mtu mwingine hukatazwa. Zana inayojua kwamba inajaribiwa! Kila mwalimu aliyepata kumwona mwenzake akifundisha siku ya mkaguzi anajua kwa nini jambo hilo linatutia mashaka. Hata hivyo tunakiri kwamba hali si sawa. Siku ya mkaguzi darasa huonyesha lisilokuwapo, ilhali hapa katazo limeondolewa ili sehemu zilizokwisha kuwapo ziendelee kupimwa, na jambo lenyewe liko wazi kwa kila asomaye programu. Wanachuo waligawanyika, nasi tuliwaacha wakiwa wamegawanyika.

Tangu wakati huo tumebadili mpangilio wa somo. Kabla ya kufomati, kila kundi huiuliza zana kama inalijua chaguo, kwa njia ya kufomati kwa majaribio tu bila kuandika kitu. Hapa mwalimu awe macho, maana herufi zinapishana vibaya. Katika mke2fs herufi ndogo n ndiyo inayosema "usiandike, nionyeshe tu", na herufi kubwa N huweka idadi ya inodi. Katika mkfs.xfs mambo yamegeuka: herufi kubwa N ndiyo isemayo "usiandike", na herufi ndogo n huanzisha machaguo ya saraka. Tumeyaandika haya ubaoni kwa chaki ya rangi, na bado kila muhula yupo anayeyachanganya.

Tunawakataza kutegemea namba ya toleo. Baadhi ya wasambazaji huingiza uwezo mpya katika kifurushi chenye namba ya zamani, kwa hiyo namba inaweza kusema hapana ilhali zana yenyewe inasema ndiyo. Anayetaka kujua kama mtoto anajua kusoma humpa kitabu asome. Haulizi yuko darasa la ngapi.

Kisha, baada ya kufomati, huulizwa diski yenyewe. Kwa ext4, amri ya dumpe2fs huonyesha ukubwa wa inodi. Kwa XFS, xfs_info ya kisasa huonyesha kama bigtime ipo. Hatua hii wanachuo huiona kuwa ni kurudia kazi, kwa kuwa tayari wameagiza na zana haikulalamika. Sisi twaishikilia kwa nguvu. Kuagiza ni jambo moja na kupata ni jingine, na kitabu cha stoo cha shule yoyote kitalithibitisha hilo. Mwisho huulizwa kerneli, kwa sababu zana mpya yaweza kupiga mistari ambayo kerneli ya zamani haiwezi kuisoma: diski yenye bigtime hukataliwa kupachikwa na kerneli isiyoijua. Katika hali hiyo pia jaribio la tarehe halikufanyika, ingawa kufomati kulifaulu.

Sehemu iliyo ngumu zaidi kufundisha, na ambayo tunaipa vipindi viwili kamili, ni ile ya kulibadili swali kwa haki. Uwezo usipopatikana, wanachuo hutakiwa kusema: katika hali hii, tabia iliyo sahihi ni ipi? Mfumo unaokomea 2038 nao una wajibu wake. Wajibu huo ni kuibana tarehe kwenye mpaka badala ya kuitupa mwaka 1903, na kuisema tarehe ileile kabla ya kupachua na baada ya kupachika tena. Hayo yanapimika bila chaguo lolote. Kwa hiyo skripti njema husoma kwanza mpaka wa mfumo uliopo, kisha huchagua matarajio kulingana nao, na kwa jaribio moja huwa na karatasi mbili za majibu, moja ya mfumo wenye bigtime na moja ya usio nayo. Wanachuo wengine huona kwamba huko ni kuipendelea mashine nzee. Huwajibu wenzao wenyewe, mara nyingi kabla yetu, kwamba hakuna aliyelegezewa. Mashine nzee imepewa swali ambalo inaweza kulikosa, na ikilikosa itaandikiwa kwamba imeshindwa.

Jambo hili lina uzito kwa mtu anayekwenda kuwa mwalimu. Shuleni atakutana na maabara isiyo na kemikali iliyotajwa katika muhtasari, na atatakiwa kujaza kwamba somo limefundishwa. Anaweza kuwaonyesha wanafunzi jaribio jingine linalofundisha kanuni ileile, naye atakuwa amefaragua vizuri. Anaweza kuwasomea matokeo kutoka kitabuni na kuandika kwamba jaribio limefanyika, na mwaka ule wote wizara itaamini kwamba shule ile ina kemikali, wala haitazipeleka. Karatasi ya kundi la pili ingetufanyia vivyo hivyo: kwa mujibu wake mashine zile nne hazikuhitaji zana mpya.

Fomu ya matokeo sasa ina safu ya tatu, iliyochorwa kwa rula kwa sababu mpiga chapa alikuwa amekwisha kutoa nakala za muhula mzima. Mashine tatu kati ya zile nne zimewekewa zana mpya. Ya nne tumeomba ibaki na toleo la 5.3, bila kuunganishwa na mtandao, ili kila darasa lipate angalau mashine moja itakayolikataa chaguo. Juu yake tumebandika karatasi ya kumwomba fundi asiiboreshe. Amekwisha kutuuliza mara mbili kama tuna hakika.